Mtamba Ndani ya Chupa

Sijui alizaliwa wapi. Sikumuuliza, na yeye hakuniuliza mimi. Mtu ukishamjua miaka ishirini na kitu, ukajua anavyokohoa na anavyofunga kamba za viatu, habari za ukoo wake ni za kazi gani? Hapa Nyakato tulimwita Mwonjaji. Hata mke wake alimwita Mwonjaji, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Na kabla hujauliza mimi ni nani wa kumwandika mtu: niliishia darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba magunia, nikaja kusukuma mkokoteni, leo nina mashine mbili za kukoboa mpunga na nyumba ya vigae. Barua zangu naandika mwenyewe. Asiyependa mwandiko wangu aandike wake.

Mwonjaji alifanya kazi zamani kwenye kiwanda kimoja cha pombe kali, ambacho siku hizi ni ghala la mabati. Yeye alisema alikuwa mwonjaji mkuu. Waliofanya naye kazi walisema alikuwa anaosha chupa. Siku moja nikamuuliza mbele ya watu, maana mimi huwa sizunguki.

"Mwonjaji, hivi wewe kiwandani ulikuwa unaonja au unaosha?"

"Chupa utaioshaje kama hujui ilikuwa na nini?"

Mpaka leo sijui kama alinijibu au alinikwepa.

Lakini ulimi alikuwa nao, hilo siwezi kumnyima. Kuna mfanyabiashara alileta mchele pale mashineni kwangu, anaapa ni wa Magu, mpya, wa msimu huu huu. Mwonjaji akaokota punje tatu, akazitafuna mbichi, akatema. Akasema, "Wa Magu ni kweli. Ila umelala na mafuta ya taa, upande wa kushoto wa lori." Tukacheka. Yule mfanyabiashara hakucheka. Akaenda kwenye lori lake, upande wa kushoto, akarudi na dumu mkononi, amelishika kama mtoto aliyejikojolea.

Kuanzia siku hiyo watu walimletea kila kitu. Asali, samli, maji ya kisima. Mtu akitaka kununua kiwanja alimletea udongo kwenye mfuko, naye akauonja. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba hakutaja bei kwa shilingi hata siku moja. Alisema shilingi inabadilika, leo hivi, kesho vile, sasa ulimi ufanye kazi ya redio? Alitaja vitu. Chai ya mama lishe wa kona ilikuwa "jembe bila mpini." Asali ya yule kijana wa stendi ilikuwa "baiskeli nzuri, haina tairi la mbele." Togwa ya dada wa kanisani ilikuwa "koti la mtu mwingine." Na sisi wenye akili zetu tulikaa tukabishana koti la mtu mwingine ni bei gani, na kesho yake yule dada akauza togwa yake kwa bei tuliyokubaliana. Nakwambia ukweli.

Sasa hili ndilo la ajabu zaidi: pombe hakunywa. Alikuwa mlokole, tena wa kukesha. Aliombwa kuonja pombe kila wiki, na kila alipokwenda alibeba kopo la bati, lile la maziwa ya unga. Alichukua funda, akalizungusha mdomoni, akafumba macho, akatema koponi. Hakubakiza kitu. Akapangusa mdomo ndipo akataja. Mimi nilimwambia huo ni unafiki. Akasema, "Nyumba yangu ina sebule na ina chumba cha kulala. Pombe ni mgeni, inaishia sebuleni."

Mchungaji wake alimwita wakayazungumza. Yeye mwenyewe alinisimulia. Mchungaji akamuuliza, "Unatema yote?" Akasema yote. "Na utamu je?" Akafikiri, maana alikuwa mtu wa kweli, akasema, "Utamu hautemeki, Mchungaji. Unabaki." Wakamweka chini ya maombi miezi mitatu kwa ajili ya utamu.

Halafu nyumbani kwake, huko alikokuwa mfalme wa ulimi, alikula kama kipofu. Mke wake aliniambia, "Shemeji, huyu sijawahi kumsikia akisema chumvi imezidi wala imepungua. Kuna wakati nilisahau chumvi makusudi, wiki nzima. Akala, akashukuru, akaondoka." Nilimuuliza Mwonjaji mwenyewe. Akasema, "Nikianza kuonja cha mke wangu, nitalala wapi?"

Huyo ndiye mtu niliyemkabidhi ndoa ya binti yangu.

Niseme wazi. Binti yangu ni nesi, msomi, na wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Wachumba wawili nilishawafukuza kwa sababu ya ng'ombe. Wa kwanza alileta tisa akasema wengine watafuata kwa miguu yao. Wa pili alileta kumi na wawili, ila mmoja alikuwa kilema na mwingine, Mungu anisamehe, alikuwa wa jirani. Mimi nilisema kumi na wawili, wazima, wa kwao. Sikupandisha na sikushusha. Mama yake binti alishaacha kunisemesha wakati wa chakula. Binti mwenyewe aliniambia, "Baba, huyu wa tatu ukimfukuza, usihangaike kutafuta wa nne. Nitahamia nyumba za hospitali, na utaniona Krismasi."

Huyo wa tatu alikuwa fundi wa mitambo ya meli, kijana wa Bukoba. Mshenga wake alikuwa mjomba wake, mwalimu mstaafu wa sekondari, amevaa suti na kalamu mbili mfukoni. Watu wa Bukoba ni watani wangu, nawapenda, ila wakianza kuongea tafuta kiti. Ng'ombe kumi na mmoja walishafika Magu kwa kaka yangu, kaka akawakagua meno na kwato, akapiga simu kwamba ni wazuri. Siku ya kumaliza maneno, Jumapili mchana, tukakaa sebuleni kwangu. Nikauliza wa kumi na mbili yuko wapi.

Mwalimu akafungua mkoba. Akatoa boksi la mbao. Akafungua boksi, akatoa chupa, akaiweka juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto.

"Huyu hapa," akasema.

Kaka yangu, aliyekuja kutoka Magu na fimbo yake, akainama akaitazama chupa mbele na nyuma. "Mbona hana mkia?"

Mwalimu hakukasirika. Akatueleza kama anafundisha darasa. Hiyo ilikuwa wiski ya rai. Rai ni nafaka, ndugu wa ngano, inalimwa nchi za baridi. Wiski yenyewe imelala ndani ya pipa la mbao miaka mingi kuliko ndoa nyingi za siku hizi. Kijana alipewa na bosi wake wa melini kwa kazi nzuri, na bei yake kwenye duka la uwanja wa ndege, ambayo bado imebandikwa hapo chini, inampita ng'ombe yeyote atakayeletwa mnadani. Tena kwao Bukoba, akasema, hakuna mahari bila pombe, kwa hiyo kijana hajavunja mila, ameiheshimu kwa namna ya kimataifa.

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nauza mchele. Bei ya kwenye karatasi naibandika mimi mwenyewe. Karatasi hainiambii kitu."

"Basi tuite mtu aonje," akasema. "Nasikia hapa kwenu mna mtu."

Tukawekeana masharti. Mwonjaji akisema chupa ni ng'ombe, hesabu imetimia na harusi ni mwezi huo huo. Akisema ni pungufu ya ng'ombe, harusi ingoje mpaka ng'ombe wa miguu minne afike. Mwalimu alisema hapo itabidi nao warudi kwao kufikiri upya. Nilijua kufikiri upya maana yake nini. Mlangoni nikaona kivuli cha gauni la binti yangu, hakitikisiki.

Mwonjaji akaja na koti lake la Jumapili, kopo, kikombe cha bati cheupe, na kipande cha ugali wa jana kwenye karatasi. Akatafuna ugali kusafisha mdomo. Akanywa maji, akasema, "Haya maji ni ya tanki," ingawa hakuna aliyemuuliza. Akaelezwa habari za rai. Akauliza swali moja tu.

"Hiyo nafaka, ng'ombe wa huko wanaila?"

"Majani yake wanakula," Mwalimu akasema.

"Basi tusije tukasema hawajuani."

Mimi nikachukua chupa, nikavunja lakiri ya nta, nikazungusha kizibo. Kikalia pwa. Hapo kaka yangu akaruka kwenye kiti, akapiga fimbo sakafuni.

"Umemchinja!"

"Nani?"

"Ng'ombe! Wewe mtu mzima, hujui? Mnyama wa mahari ukishamchinja humrudishi! Umemkubali kabla hatujamkagua!"

Alikuwa anasema kweli. Kwetu ukitia kisu, umepokea, awe mnene au awe mifupa. Mwalimu alikuwa anatabasamu na kalamu zake mbili. Nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa kuchunga ndama hawezi kulifanya, na nililifanya kwa mkono wangu, kwenye kiti changu, ndani ya nyumba ya vigae.

Mwalimu kwa hisani yake akasema masharti yabaki yale yale, Mwonjaji aamue. Hilo nilimheshimu.

Mwonjaji akamimina kidogo. Akanusa na pua ya kulia, akaziba, akanusa na ya kushoto. Akachukua funda. Akaanza kuzungusha. Akameza mate? Hapana, alikuwa anazungusha tu. Akiwa na funda upande mmoja wa shavu aliweza kusema, ndio ulikuwa ufundi wake, sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Kwanza pilipili manga," akasema. "Si kali ya kuumiza. Inabisha hodi." Akazungusha. "Halafu mkate. Wa juzi, umeungua pembeni." Akazungusha. "Mbao mpya. Si mvule, si mninga. Mbao ya watu wengine." Akazungusha tena. "Karafuu. Na sukari iliyosahauliwa jikoni."

Sasa akawa anatafuta kopo. Kopo lilikuwa miguuni kwa kaka yangu, aliyelisukuma aliporuka na fimbo yake. Na wakati huo huo mlango ukafunguka, binti yangu akaingia na sahani ya karanga. Akapiga goti moja mbele ya Mwonjaji, sahani mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Mtu mzima amesalimiwa shikamoo mbele ya wakwe. Mdomo umejaa hivyo huwezi kutamka marahaba ya heshima, itatoka kama bata. Na kuinyamazia huwezi. Nilimwona Mwonjaji akitazama kopo. Nikamwona akimtazama binti. Binti hakuinuka. Kitu kwenye koo la Mwonjaji kikapanda, kikashuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Safi kabisa.

Mwalimu akainuka, akaliokota kopo, akaligeuza juu chini mbele yetu sote.

"Kavu!" akapaza sauti. "Waungwana, kavu! Nasikia mtu huyu hajawahi kumeza, leo amemeza! Mnataka ushahidi gani mwingine?"

Mwonjaji alikuwa amekaa na macho yanang'aa, mkono juu ya tumbo, kama mtu anayesikiliza mgeni anavyotembea ndani ya nyumba.

"Ni ng'ombe?" nikamuuliza.

"Mtamba," akasema polepole. Halafu akakohoa, akaongeza, "Mwenye mimba."

Mama yake binti akapiga vigelegele huko jikoni. Kaka yangu akakaa. Lakini Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu, akatoa kalamu ya pili.

"Samahani wazee wangu. Tulidaiwa ng'ombe mmoja. Tumeleta mtamba na mimba yake. Ndama ni wetu."

Tulibishana mpaka karanga zikaisha. Mwisho nilitoa ndama. Ndama mzima, wa miguu minne, jike jekundu kutoka Magu, akapanda gari kwenda Bukoba. Kaka yangu alinywa glasi mbili kwa hasira, akadai hilo ni paja lake kama ndugu mkubwa, na jioni akaenda stendi akiwaambia watu, "Tumekunywa ng'ombe, na ndama tumetoa sisi." Nami nilichukua kilichobaki, nikakifungia kabatini mashineni. Sikuonja. Niliwaambia watu baba hali mahari ya binti yake. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Ingekuwaje nikionja nikute si ng'ombe?

Harusi ilifanyika. Wana watoto wawili, na yule ndama amekuwa ng'ombe, wanakunywa maziwa yake. Sina la kulalamika. Mashineni, mteja akiuliza ile chupa ni ya nini, nilimwambia, "Huyo ni mtamba mwenye mimba," na nikamwacha afikiri.

Mwonjaji ndiye aliyebadilika. Aliungama kanisani, wakamwombea, wakamrudisha. Lakini kuonja aliacha. Watu walimletea asali, akasema mkono unauma. Baadaye akaanza kuugua, akahamia ng'ambo ya ziwa kwa binti yake, upande wa Kamanga.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, mke wake akanipigia simu. "Shemeji, anakuuliza. Anasema uje na yule mnyama."

Nikaifunga chupa kwenye gazeti, nikavuka na kivuko cha asubuhi. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, koti la Jumapili limetundikwa msumarini kama limebaki na yeye hayumo. Kopo lilikuwa chini ya kitanda. Alipomaliza kuniuliza habari za mashine akanivuta mkono nikae karibu.

"Mwenye Mashine, kuna kitu kinanisumbua. Ulimi wangu ulikuwa unafanya hesabu wakati wa kutema. Si kabla. Siku ile sikutema, hesabu haikuisha. Tumbo likapata moto, watu wote mnanitazama, nikajisikia nataja mtamba. Na mimba juu." Akapumua. "Nimeanguka mara moja tu maishani. Nataka kujua nilianguka kwa ajili ya nini. Kama ni mtamba, sawa, mtu anaweza kujikwaa kwenye kitu kikubwa namna hiyo. Lakini kama nilimezea mbuzi..."

"Onja tena, umalize hesabu."

"Ulimi umekufa. Kwa hizi dawa, ndizi na sabuni kwangu ni kitu kimoja. Onja wewe. Wewe ni mtu wa nafaka, tena humpambi mtu. Niambie kweli."

Shemeji, mke wake, akaniletea ugali wa jana. Nikatafuna. Nikanywa maji, ya ziwa, yamechemshwa kwa kuni. Nikanusa kulia, nikanusa kushoto. Nikachukua funda, na yeye akajiinua kwa kiwiko kunitazama.

Pilipili manga ilibisha hodi. Mkate ukaja, umeungua pembeni. Mbao ikaja, na karafuu, na ile sukari iliyosahauliwa, kila kitu mahali pale pale alipokitaja. Chupa hakuwahi kuiosha, huyu mtu, alikuwa mwonjaji.

Ila bei. Mimi nimepima nafaka maisha yangu yote, na thamani ya kitu naisikia mdomoni kabla sijaambiwa. Alikuwa beberu. Beberu mzuri, mwenye ndevu, wa kuchinjiwa mgeni wa heshima. Lakini beberu. Nikamkumbuka ndama wangu mwekundu anavyopanda gari.

"Vipi?" akauliza.

Shemeji alikuwa amenisogezea kopo, limefika chini ya kidevu. Sijawahi kumdanganya mtu kuhusu uzito wa mchele wala ubora wake, muulize yeyote Nyakato. Nikalisukuma kopo. Nikameza.

"Mtamba," nikamwambia.

"Mwenye mimba?"

"Huyu? Amekaribia kuzaa."

Akanyoosha mkono, akalichukua kopo kwa mke wake, akaliweka mwangani pale dirishani. Akaligeuza juu chini juu ya shuka, akalitikisa mara mbili. Akapitisha kidole ndani, mzunguko mzima, taratibu.

"Kavu," akasema, akalala.